Kondoo wa Sauli na gunia la lumbesa

Mahubiri ya kutotii nimeyasikia mengi, na karibu yote huanzia Edeni: bustani, nyoka, tunda. Yasipoanzia huko huanzia bandari ya Yafa, Yona akilipa nauli ya meli ya Tarshishi ilhali ametumwa Ninawi. Ni visa vizuri, ila kwa msikilizaji wa Jumapili vina kasoro moja: havimgusi. Mama wa benchi la tatu hajawahi kuzungumza na nyoka, na mzee wa kanisa aliyeshika kapu la sadaka hakumbuki siku aliyopanda meli kumkimbia Mungu. Yeye yuko pale pale, wiki hadi wiki, na Biblia yake yenye zipu. Mhubiri akimaliza, wote wanaitikia amina, na kila mmoja anamfikiria jirani yake.

Ningepewa mimbari kwa Jumapili moja ningefungua 1 Samweli sura ya 15. Huko kuna mtu asiyekimbia. Mfalme Sauli alikwenda alikotumwa, akapigana, akashinda, akafanya sehemu kubwa ya alichoagizwa, kisha akarudi na mifugo ya kumtolea Mungu sadaka. Huyo ndiye aliyepoteza ufalme. Nasema hivi kwa kuwa kutotii kunakotusumbua sisi waumini wa kila Jumapili si kule kwa mwana mpotevu. Ni kule kunakokuja kanisani kukiwa na sadaka mkononi.

Agizo la Sauli lilikuwa kuwaangamiza Waamaleki na kila walicho nacho, watu na mifugo, hata wanaonyonya. Wako wasomaji wanaokwama hapo, wala siwalaumu. Mhubiri anayelipita agizo hilo bila kumeza mate ananitia shaka kuliko muumini anayeliuliza. Sidai kulitatua katika ukurasa wa gazeti. Ninachotaka tukiangalie ni mwenendo wa Sauli ndani ya kisa kama kilivyosimuliwa, kwa sababu mwenendo huo ndio tuliourithi.

Alimwacha hai mfalme Agagi, na pamoja naye kondoo na ng'ombe walionona. Waliokuwa hafifu, wasio na bei, ndio aliowaangamiza. Hebu itazame hesabu hiyo vizuri: alitii kwa uaminifu kabisa pale ambapo utii haukumgharimu kitu. Kisha, kabla ya kuonana na nabii Samweli, alipitia Karmeli akajisimamishia mnara wa ukumbusho. Mwandishi wa kitabu kile anautaja mnara kwa maneno machache tu na kuendelea, lakini mtu yeyote aliyewahi kuona jiwe la msingi la jengo la kanisa lenye jina la mfadhili kubwa kuliko jina la kanisa anajua ni habari ya nini.

Samweli alikesha akimlilia Mungu. Anapofika Gilgali, Sauli anampokea kwa baraka na kumpa taarifa kwamba kazi imekwisha. Nabii anauliza swali moja tu: mbona nasikia kondoo wanalia? Hapo ndipo maneno ya Sauli yanapoanza kufanana na yetu. Kwanza, walioacha mifugo ni watu, si yeye. Ingawa kwenye kuangamiza ile mifugo hafifu alikuwa anasema "sisi". Pili, mifugo imeachwa kwa nia njema, ni ya dhabihu. Na anasema ni dhabihu kwa Mungu wa Samweli, "Mungu wako", kana kwamba Mungu huyo ni wa nabii na yeye mfalme anamchangia tu. Anapobanwa zaidi ndipo linapotoka la kweli: aliwaogopa watu. Jibu la Samweli kila mwanakwaya analijua, kwamba usikivu kwa Mungu unapita sadaka yoyote. Tunalijua kwa sababu tunaliimba. Mambo ya kondoo wanaolia nyuma ya hema hatuyaimbi.

Sasa tutoke Gilgali twende Mang'ola, kule Karatu, kwenye vitunguu. Au Njombe kwenye viazi, ukipenda. Utaratibu ni ule ule. Mnunuzi amefika shambani na lori. Bei imepatanwa kwa gunia, si kwa kilo, na hapo ndipo mchezo ulipo. Vijana wa kufungasha wanalijaza gunia mpaka mdomoni, wanalishindilia, wanalitikisa, wanaongeza. Likishajaa, mtu mwingine yeyote angelishona. Wao wanachukua kipande kingine cha wavu au gunia, wanakiunga juu, wanaendelea kujaza, kisha wanakaza kwa kamba na sindano ndefu mpaka linasimama na kilemba chake. Hiyo ndiyo lumbesa. Sheria ya vipimo ya Tanzania inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wamekuwa wakilipigia kelele jambo hili miaka nenda miaka rudi. Mkulima analipwa gunia moja. Mzigo ukifika mjini unafunguliwa na kuuzwa kwa kilo, kwa sado, kwa fungu, na kile kilemba ambacho mkulima hakulipwa kinakuwa fedha ya mtu mwingine.

Mnunuzi huyo, tuseme ni muumini. Wala sitii chumvi. Kwa jinsi nchi yetu ilivyojaa watu wa dini, wanunuzi wa mazao wasiokwenda kanisani wala msikitini ni wachache. Muulize kuhusu lumbesa atakujibu kwa maneno ya Sauli karibu neno kwa neno. Ndivyo soko lilivyo. Nikifunga kilo mia kamili wenzangu watanicheka na nitafilisika. Watu ndivyo wanavyofanya. Halafu Jumapili anakuja kanisani na bahasha ya fungu la kumi, na pengine ibada ikiisha, kwenye ule mnada wa mazao ya sadaka tunaoufanya hapo nje, ndiye anayepandisha bei ya jogoo mmoja mpaka watu wanapiga vigelegele. Mchungaji anamwombea baraka. Kondoo wanalia, lakini kwaya imepewa vipaza sauti vipya, na aliyevitoa ni yeye.

Torati haikuliacha jambo hili kwenye maadili ya jumla. Kumbukumbu la Torati 25 inamkataza mtu kuwa na vipimo viwili nyumbani mwake, kikubwa na kidogo. Walawi 19 inataja mizani na pishi kwa majina. Mithali inarudia. Ningeweza kusema kwamba Biblia ina mengi zaidi ya kusema kuhusu gunia la vitunguu kuliko kuhusu urefu wa sketi, na asiyeamini na aende akahesabu. Lakini sketi inaonekana kutoka mimbarini, na gunia limebaki Mang'ola.

Mahubiri ya utoaji yana aya yake pendwa, Malaki 3:10, ile ya kuleta zaka kamili ghalani ili madirisha ya mbinguni yafunguliwe. Sina ugomvi nayo. Najua makanisa yanayolipa walimu wa chekechea na kuendesha zahanati kwa fedha hizo, na asiyetoa chochote hana haki ya kukosoa. Ugomvi wangu ni kwamba nimesikia Malaki 3:10 mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na sikumbuki kusikia Malaki 3:5. Ni sura ile ile, aya tano tu juu yake. Huko Mungu anasema atakuja kuwa shahidi mwepesi dhidi ya watu fulani, na katika orodha hiyo, pamoja na wachawi na wazinzi na waapao uongo, wamo wanaomdhulumu kibarua ujira wake, wanaomwonea mjane na yatima, na wanaompotosha mgeni asipate haki. Nabii alianza na mshahara wa kibarua, ndipo akafika kwenye zaka. Sisi tumeruka moja kwa moja hadi ghalani.

Na kibarua huyo yuko karibu kuliko tunavyodhani. Ni dada wa kazi ambaye mshahara wake "tunamtunzia" mpaka atakapokwenda kwao Desemba, na Desemba ikifika makato yanaanza: sahani iliyovunjika, dawa ya malaria, nauli. Ni fundi aliyepiga lipu ya nyumba na kuambiwa aje mwisho wa mwezi, akija anaambiwa bosi amesafiri. Ni mlinzi. Walawi 19:13 inataka ujira wa kibarua usilale kwa mwajiri hata usiku mmoja. Yakobo, katika sura ya 5 ya waraka wake, anasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele wenyewe. Nyumba nyingi za Kikristo mjini zina ibada ya jioni, baba anasoma neno, watoto wanaomba kwa zamu, na dada anaitwa aketi mlangoni asikilize. Je, siku ile baba anapofungua Yakobo 5, dada anafikiria nini?

Wakati mwingine sadaka yenyewe ndiyo inayotumika kukwepa. Katika Marko 7 Yesu anawakabili waalimu wa sheria juu ya desturi ya korbani: mtu angeweza kuitangaza mali kuwa wakfu kwa Mungu, na kwa tangazo hilo akawa hana tena wajibu wa kuwasaidia wazazi wake. Sheria ya kuwaheshimu baba na mama ilifutwa kwa tendo la ibada. Nani kati yetu hamjui mtu aliyetoa ahadi nono kwenye kadi ya ujenzi, na mama yake kijijini analala kwenye nyumba inayovuja? Yesu alikwenda mbali zaidi katika Mathayo 5. Alisema ukifika madhabahuni ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka hapo hapo, nenda kapatane naye kwanza. Fikiria fujo ambayo agizo hilo lingeleta likitiiwa Jumapili moja tu: mafungu ya bahasha sakafuni, na watu wakigombania bodaboda nje.

Hadi hapa nimemsema muumini. Lakini Sauli hakuwa peke yake pale Gilgali. Alikuwepo na mtumishi wa Mungu, ambaye angeweza kupokea. Kondoo walionona walikuwa tayari, mfalme alikuwa amenyenyekea, watu walikuwa wanasubiri karamu. Samweli hakupokea. Maandiko hayasemi mifugo ile iliishia wapi, ila yanasema nabii alimgeuzia mfalme mgongo ili aondoke, na Sauli alipomshika upindo wa joho ukararuka.

Kwa wenzetu wa Kenya jambo hili limekuwa si la kufikirika tu. Septemba 2021, huko Butere, Askofu Mkuu wa Kianglikana Jackson Ole Sapit alitangaza kwamba wanasiasa hawataruhusiwa tena kuhutubia kutoka mimbarini. Ilikuwa siku ya kuwekwa wakfu kwa Rose Okeno, mwanamke wa kwanza kuongoza dayosisi ya Kianglikana nchini humo, na wanasiasa wakubwa walikuwa wamekaa pale pale. Novemba 2024 likaja kubwa zaidi. Siku chache baada ya maaskofu Wakatoliki kutoa tamko kali kuhusu mwenendo wa serikali, Rais William Ruto alihudhuria misa katika kanisa la Soweto, Nairobi, akatoa mamilioni ya shilingi kwa ajili ya nyumba ya mapadre na kwaya. Askofu Mkuu Philip Anyolo akaagiza fedha zirudishwe. Wako waliosema ni siasa, na wengine wakauliza mbona za miaka iliyotangulia hazikurudishwa. Swali la haki kabisa. Harambee za Kenya zimejenga makanisa mengi kwa fedha ambazo hakuna aliyeuliza zimetoka wapi, na vijana walioandamana mwaka ule waliwaambia maaskofu hivyo bila kupepesa macho. Hata hivyo fedha kurudi ni fedha kurudi. Padre wa parokia yenye nyumba nusu anajua uzito wa agizo hilo kuliko mchambuzi wa redio.

Upande wetu wa mpaka tumezoea kusema hayo ni ya Kenya. Lakini kamati zetu za ujenzi hazina kipengele cha kuuliza. Mgeni rasmi wa harambee huchaguliwa kwa ukubwa wa mfuko, si kwa kingine. Nimekaa kwenye vikao hivyo, na najua sentensi inayomaliza mjadala: "Fedha haina dini." Sauli angeipenda.

Kuna hatari nyingine, nami siwezi kuipita, maana neno "kutotii" ni kiboko kizuri mkononi mwa anayetaka kutiiwa yeye. Muumini anayehoji hesabu za mradi anaambiwa ana roho ya uasi, na aya anayopigiwa ni hiyo hiyo ya 1 Samweli 15, inayofananisha uasi na uchawi. Inasahaulika kwamba aliyekemewa kwa aya ile alikuwa kiongozi, mpakwa mafuta, si raia aliyemhoji.

Aprili 2023 polisi wa Kenya walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi. Waliofukuliwa walizidi 400, wakiwemo watoto wengi. Mhubiri Paul Mackenzie anashtakiwa kwamba aliwafundisha wafuasi wake kufunga mpaka kufa ili wamwone Yesu. Yeye amekana mashtaka. Mahakama itasema yake. Ila walioingia msituni hawakuwa waasi. Walikuwa watii kuliko wengi wetu.

Nasikitika kwamba 1 Wafalme 13 haisomwi makanisani, kwa sababu iliandikwa kwa ajili ya jambo hili hasa. Mtu wa Mungu kutoka Yuda anatumwa Betheli kuikemea madhabahu ya mfalme Yeroboamu. Ameagizwa asile mkate wala asinywe maji huko, wala asirudi kwa njia aliyojia. Mfalme anamkaribisha nyumbani, anakataa. Mpaka hapo ni shujaa. Njiani anafuatwa na nabii mzee, mtu wa heshima, mwenye mvi, anayemwambia: mimi pia ni nabii, malaika amesema nami, turudi ukale. Kitabu kinasema wazi kwamba mzee alikuwa anadanganya. Mtu wa Mungu akarudi, akala, akanywa, na alipoondoka simba akamuua barabarani; akasimama kando ya maiti asiile, wala asimguse punda. Mfalme alishindwa kumpotosha mtu yule; nabii aliweza. Alikufa kwa kumtii nabii mwenzake juu ya jambo ambalo Mungu alikwisha kulisema. Kinyume chake, wale wakunga wa Waebrania huko Misri, Shifra na Pua, walikataa agizo la Farao la kuwaua watoto wa kiume, na Mungu akawajalia nyumba zao wenyewe. Mkristo anayefundishwa utii bila kufundishwa kukataa amefundishwa nusu, na Shakahola ilionyesha nusu hiyo inafika wapi.

Turudi kwa Sauli na kwa mnunuzi wetu wa vitunguu, kwa sababu bado hatujauliza toba ingekuwaje. Sauli alitubu, kwa mdomo. Alisema amekosa, na papo hapo akaomba Samweli aandamane naye ili aheshimiwe mbele ya wazee. Daudi, ambaye kosa lake kwa mke wa Uria na kwa Uria mwenyewe lilikuwa baya kwa kila kipimo, alipokabiliwa na nabii Nathani alisema amemkosea Bwana, akanyamaza. Hakutaja watu, hakutaja wazee, hakutaja sadaka. Sisi tuna desturi ya Sauli zaidi: mtu anasimama mbele, analia, anaombewa, wiki inayofuata amerudishiwa uenyekiti wa kamati ya fedha. Aliyeibiwa hajaulizwa hata jina.

Zakayo alikuwa na njia nyingine. Katika Luka 19 hamtolei Yesu chochote, wala hekalu. Anasema nusu ya mali yake ni ya maskini, na kila aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Ni hapo Yesu anaposema wokovu umefika nyumba hiyo. Mnunuzi wetu anaweza kujibu kwamba Zakayo alikuwa na orodha ya walipa kodi, yeye hana. Amefunga lumbesa kwa misimu mingi, wakulima wengine wamehama, wengine wamekufa, atamrudishia nani? Ni swali la maana, na Hesabu 5 ililiona mapema. Aliyedhulumu anaungama, anarudisha chote, anaongeza sehemu ya tano, anampa aliyemkosea. Aliyekosewa akiwa hayupo, anapewa jamaa yake. Ni pale tu ambapo hata jamaa wa kupokea hapatikani ndipo fedha inapokwenda kwa kuhani. Kuhani yumo kwenye foleni, ila ni wa mwisho.

Kwa mtu wa Mang'ola hesabu hiyo haihitaji mwanatheolojia. Kilo zilizozidi mia kwa kila gunia, mara magunia ya msimu, mara bei ya siku ile, ongeza sehemu ya tano. Jina la mwenye shamba dalali analikumbuka, na mtoto wa marehemu yupo, analima robo heka ile ile. Ningependa kuona kamati ya sikukuu ya mavuno ikimwambia mtoaji wake mkubwa aanzie huko, na bahasha yake ikae mezani mpaka arudi.